Mume wangu pauni 46, mimi pauni 418, safari ileile: hii bima ya safari ni halali kweli?

Shikamoo Anti,

Natumai u mzima na familia yote. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndio naandika mara ya kwanza. Ni mwenyeji wa Tanga, sasa hivi naishi Leicester na mume wangu na watoto wetu wawili. Mwaka 2014 nilipata ajali ya gari barabara ya Segera nikaumia uti wa mgongo, toka hapo natembelea kiti mwendo. Sikwambii haya ili unionee huruma maana maisha yangu yanaenda, nafanya kazi ya uhasibu, naendesha gari iliyorekebishwa niendeshe kwa mikono, watoto nawapeleka shule mwenyewe, na kuumwa naumwa kama wanavyoumwa wenzangu tu, mafua na kichwa.

Sasa mama yangu yuko Tanga, keshakuwa mtu mzima sana, na ameniomba mwaka huu nikafunge naye Ramadhani yote mpaka tule Idd pamoja. Mume wangu kasema sawa twende sote, wiki tano, watoto watabaki kwa wifi yangu kwa ajili ya shule. Tiketi tumeshaziangalia, likizo tumeshaombewa kazini, kilichotukwamisha ni bima ya safari.

Tulikaa usiku na kompyuta, yeye akajaza zake, umri, tarehe, Tanzania, unaumwa chochote? siumwi, bei ikatoka pauni 46. Nikajaza na mimi tarehe zilezile ndege ileile, nilipofika pale pa maradhi nikaandika nimepooza kuanzia kiunoni, basi yakafunguka maswali mengine hayaishi, unatumia katheta, ule mpira wa mkojo, ndiyo, unapata UTI, nikabonyeza ndiyo mara kwa mara, umewahi kulazwa, ndiyo, umewahi kupata vidonda vya kukaa, ndiyo, mwisho ikaja pauni 418. Nikajaribu kampuni nyingine, hiyo ikaandika tu samahani hatuwezi kukukatia bima, sababu haikusema. Ya tatu ikanikubali kwa pauni 60 lakini kwa maandishi madogo kule chini imesema haitalipa chochote kinachohusiana na uti wa mgongo.

Anti niliumia sana. Mume wangu anavuta sigara toka nimjue, presha hajapima sijui tangu lini, na hakuna swali hata moja aliloulizwa la sigara. Mi ambaye naonwa na daktari, najitunza, najua mwili wangu, ndio wa kutozwa mara tisa.

Kaka yangu yuko London, yeye kaniambia usiandike hiyo ajali ni ya zamani na kiti mwendo sio ugonjwa, nani atajua. Shoga yangu kasema usikate bima kabisa, kwani unaenda ugenini? Ni kwenu, ukiumwa hospitali ya Bombo unaijua, matibabu yenyewe hayafiki hata hiyo bei ya bima. Mume wangu anasema tulipe yaishe. Mi hiyo hela inaniuma na kudanganya sitaki, sioni nitafungaje Ramadhani na safari nimeianza kwa uongo.

Halafu kuna kiti chenyewe. Kimetengenezwa kwa vipimo vya mwili wangu, pauni 3,400, na kuna dada tunayemjua chake kilishuka kwenye ndege gurudumu limepinda. Hiyo bima inasema mizigo inafidia mpaka pauni 1,500 na kitu kimoja kisizidi pauni 300. Itanisaidia nini?

Naomba unijibu Anti, hivi hawa wanaruhusiwa kunifanyia hivi? Na nifanyeje?

Mwanao,
Mama wa wawili, Leicester

JIBU

Marahaba mwanangu, na mama mpe salamu zangu ukimpigia.

Naanza na kaka yako maana ushauri wake ndio utakaokutia hasara kubwa kuliko hiyo mia nne. Najua kasema kwa mapenzi, na sio yeye peke yake, maneno haya nayasikia misibani, harusini, kwenye magrupu ya wasapu, usiandike nani atajua. Watajua mwanangu. Siku umelazwa, mumeo kapiga simu kwa kampuni, moja ya vitu vya mwanzo watakavyotaka ni ruhusa ya kusoma rekodi zako kwa GP, yaani daktari wako wa mtaa, na rekodi ya mtu aliyeumia uti wa mgongo haina pa kujificha.

Uingereza kuna sheria ya mwaka 2012 inayohusu bima za watu wa kawaida kama wewe na mimi, na ni vizuri uielewe maana ina upande wa kukulinda na upande wa kukuumiza. Inasema kazi ya kuuliza ni ya kampuni, kazi yako ni kujibu kwa uangalifu bila kupotosha. Ukikosea kwa kutokuwa makini tu, na wangekukatia ila kwa bei kubwa zaidi, wanaruhusiwa kupunguza malipo kwa uwiano wa ulicholipa na ulichotakiwa kulipa. Chukua namba zako mwenyewe, umelipa 46 badala ya 418, hiyo ni kama asilimia 11, sasa bili ya hospitali na ndege ya kukurudisha ikija tuseme pauni 20,000 wao watatoa kama 2,200 na hizo 17,800 zilizobaki mtazitafuta wewe na mumeo. Na huyo ni aliyekosea bila kukusudia. Aliyeficha kwa makusudi mkataba wake unafutwa, hawalipi chochote, na hata hela yake ya bima wanaweza wasimrudishie. Kaka yako mwambie asante, ila hapana.

Na ulilosema la kutokuanza safari kwa uongo limenigusa, lishike hivyohivyo, halafu tuone jinsi ya kuwabana wao na wewe ukiwa msema kweli.

Umeuliza wanaruhusiwa? Sheria ya usawa, ile Equality Act ya 2010, inakataza kumnyima mtu huduma au kumpa kwa masharti mabaya zaidi kwa sababu ya ulemavu wake. Lakini bima wamewekewa mlango wao ndani ya sheria hiyohiyo, wanaruhusiwa kutofautisha pale tu wanapotegemea taarifa zinazohusu kweli hatari wanayoipima, taarifa zimetoka sehemu ya kuaminika, na hatua waliyochukua iwe ya busara. Vyote vitatu. Kwa hiyo kampuni kuchaji zaidi kwa sababu takwimu zake zinaonyesha watu wenye katheta wanalazwa zaidi safarini, hiyo inaweza kusimama. Ila kampuni inayosema hatukati bima kwa mtu wa kiti mwendo, basi, bila takwimu bila sababu, hiyo haijasimama popote. Ile ya pili iliyokukataa kwa samahani tu iandikie imeili, mistari miwili inatosha, waambie nataka mnieleze kwa maandishi mmenikataa kwa taarifa gani na taarifa hizo mmezitoa wapi. Unaweza pia kudai nakala ya kila walichoandika kukuhusu, sheria ya data inawapa mwezi mmoja kukupa na ni bure. Majibu yao yakiwa ya kukuzungusha peleka malalamiko rasmi kwao, wana wiki 8 za kutoa jibu la mwisho, usiporidhika au wakinyamaza unaenda Financial Ombudsman Service, wale wanaoamua migogoro ya wateja na kampuni za fedha, nao hawakutozi kitu. Ukishapewa jibu la mwisho una miezi 6 ya kwenda kwa ombudsman, usiiache ipite. Kwa mambo ya ubaguzi wenyewe kuna Equality Advisory and Support Service, wanashauri kwa simu.

Haki naisema kwanza kwa sababu watu wetu wengi huku wanalipa au wanakaa kimya, wanadhani bei ya bima imeandikwa mbinguni. Lakini najua pia malalamiko yanakula muda na wewe Ramadhani inakuja, kwa hiyo turudi kwenye hiyo 418.

Ile bei umepewa na fomu. Hakuna binadamu aliyekaa akakufikiria wewe mhasibu wa Leicester unayejitunza, kuna maswali na kila jibu lina pointi zake, pointi zikijumlishwa inatoka bei. Ndio maana mumeo na sigara zake kapita, kasema siumwi basi maswali yakaishia hapo. Sasa hebu tuangalie ulivyojibu. Umeulizwa umewahi kulazwa, ukabonyeza ndiyo ukiwa na akili ya ajali ya 2014. Lisome tena swali lile polepole, kampuni nyingi zinauliza kulazwa ndani ya muda fulani, miaka 2 iliyopita, wengine 5. Kama hujalazwa ndani ya muda huo jibu la kweli ni hapana, na wewe umejiongezea bei kwa jambo ambalo hukuulizwa. Vidonda hivyohivyo, ulipata lini? Kama ni ule mwaka wa kwanza baada ya ajali na swali ni la miezi 12 iliyopita, jibu ni hapana.

Na hiyo UTI mara kwa mara. Mara kwa mara ndio mara ngapi? We umejibu kwa kumbukumbu, na mtu ukiwa umewahi kuteseka na kitu kumbukumbu inakuongezea. Kabla hujajaza fomu nyingine fungua NHS App, ile app ya huduma ya afya ya taifa huku, kwenye simu yako, nenda kwenye rekodi zako za GP, angalia dawa ulizoandikiwa miaka miwili iliyopita na tarehe zake. Ukikuta antibaiotiki za UTI mara moja, andika mara moja. Ukikuta mara nne, andika nne, usipunguze hata moja, maana hiyo rekodi unayoisoma wewe ndio watakayoisoma wao siku ya siku. Kama app haikuonyeshi vizuri wapigie mapokezi ya GP uombe muhtasari wa rekodi yako. Tafuta karatasi, andika tarehe ya ajali, mara ya mwisho kulazwa na kwa nini, dawa unazotumia sasa na dozi zake, mara ya mwisho kuonwa na spesheliti, na kama kuna kipimo unasubiri majibu. Hicho cha mwisho watu wanakisahau na wao hawakisahau, mtu anayesubiri vipimo wanamuogopa sana kwa sababu hawajui watakuja kulipia nini.

Ukiwa na karatasi hiyo acha fomu za mtandaoni, piga simu. Mtu wa kwenye simu naye anasoma maswali kutoka kwenye kompyuta lakini unaweza kumuuliza swali hili ni la kipindi gani, unamaanisha kulazwa au kuonwa tu, na hapo ndipo bei zinapobadilika. Mwisho wa simu mwambie nitumie orodha ya hali zote nilizotaja na mlizozikubali. Ikija isome, ikiwa kuna kosa irudishe siku hiyohiyo. Na ikitokea kitu kipya kati ya kukata bima na kusafiri, dawa mpya au kulazwa, angalia mkataba unasemaje, kampuni nyingi zinataka waambiwe kabla hujapanda ndege.

Upige simu kwa nani sasa. Tangu Aprili 2021 msimamizi wa mambo ya fedha, FCA, amezilazimisha kampuni za bima ya safari zikikukataa kwa sababu ya afya, au zikikuongezea bei kwa ajili ya afya kupita kiwango fulani, zikuelekeze kwenye orodha ya kampuni zinazobobea kwa watu wenye maradhi makubwa na ulemavu. Kanuni ilipoanza kiwango kilikuwa nyongeza ya pauni 100, wewe nyongeza yako umepita huko mbali sana. Ina maana ile ya 418 na ile iliyokukataa zote zilitakiwa zikuonyeshe orodha hiyo, sijui kama uliona mahali wameandika au waliibana chini kabisa, litaje na hilo kwenye malalamiko yako. Orodha yenyewe iko MoneyHelper, hiyo ni huduma ya serikali, ni bure, wana tovuti na wana simu kwa asiyependa mtandao. Chama cha madalali wa bima BIBA nao wanatafutia watu kwa simu. Piga kampuni kadhaa za kule, zote uzisomee karatasi ileile maneno yaleyale. Kila kampuni ina hesabu zake, moja inaogopa katheta nyingine wala, na ndio maana bei ya kwanza sio bei yako mpaka umeona nyingine.

Kuna jambo moja kwenye hiyo 418 linaniuma mimi binafsi na nitalisema. Bima ya safari Uingereza ina kodi ya asilimia 20 ndani yake. Kwenye 46 ya mumeo serikali inapata pauni 7 na ushee, kwenye 418 yako inapata karibu pauni 70. Yaani mtu anaongezewa bei kwa sababu ya ulemavu, halafu juu ya ile nyongeza anatozwa kodi. Sioni haki yake iko wapi. Kama kuna kitu cha kumwandikia mbunge wako wa Leicester ni hiki, na mwandikie kweli, wanajibu wapiga kura wao.

Ile ya pauni 60 inakushawishi najua. Itakufaa ukiugua malaria, ukiibiwa mkoba, gari ikikugonga Barabara ya Kumi na Mbili. Lakini fikiria nini hasa kinaweza kukulaza hospitali wewe kwa wiki tano, na ndege ndefu na joto la Tanga. UTI ikipanda mpaka figo. Kidonda cha kukaa ulichopata kwenye kiti cha ndege. Damu kuganda mguuni. Mguu kuvunjika ukihamia kitandani. Kampuni isiyotaka kulipa inaweza kuyafunga yote hayo na uti wa mgongo na kusema tulishakwambia. Kwa hiyo hiyo iwe ya mwisho kabisa, zote zingine zikishindikana, na hata hapo waandikie wakutajie kwa maandishi wanachosema kinahusiana ni nini na nini.

Shoga yako nimemwelewa, na kweli kulazwa Bombo hakufanani na bili za Marekani. Bima haikuogopi kwa bili ya Tanga, inaogopa safari ya kukurudisha Leicester ukiwa huwezi kukaa. Mgonjwa wa machela kwenye ndege ya abiria anachukua nafasi ya viti kadhaa, anataka nesi au daktari wa kumsindikiza, na ndege yenyewe ya wagonjwa ikibidi ni hela za kununulia nyumba Tanga. Kabla ya hapo kuna kukutoa Tanga kukupeleka Dar, Muhimbili au Aga Khan, au Nairobi, na hospitali ya binafsi inataka amana kabla haijakugusa. Amref Flying Doctors walio Wilson Nairobi, wapo tangu 1957, wanauza uanachama wa ndege ya dharura kwa eneo letu na ni kitu kizuri kuwa nacho, ila kinakufikisha hospitali, hakilipi hospitali na hakikurudishi Uingereza, usikichukue badala ya bima. Na kama kuna aliyekwambia kadi ya GHIC, ile kadi ya matibabu ya safarini ya Uingereza, inatosha, hiyo hasa ni ya Ulaya, Tanga haina kazi.

Wiki tano nazo zinaleta lake. Zile bima za mwaka mzima, na zile zinazokuja na akaunti ya benki ya kulipia kila mwezi, nyingi zinaweka kikomo cha siku 31 kwa safari moja. Wiki tano ni siku 35, siku zile nne za mwisho mngekuwa hamna bima wote wawili, na mumeo angalie hiyo 46 yake ni ya safari moja ya siku zote au ni ya mwaka. Lakini kama yeye ana akaunti ya benki yenye bima inayomhusu na mke wake, wapigieni, uwaeleze hali yako, nyongeza wanayodai kwa ajili ya afya na ya siku za ziada wakati mwingine inakuwa chini ya kukata bima mpya. Mkiweka eneo chagueni dunia nzima isipokuwa Marekani, Kanada na Karibi, kuna watu wanachagua dunia nzima kwa kutojua wakalipia hospitali za Florida nao wanakwenda Chumbageni. Ukikubali kubeba ekses kubwa zaidi, yaani kile kiasi cha kwanza unachojilipia mwenyewe ukidai, bei nayo inashuka, ila usiipandishe mpaka kiwango ambacho huwezi kukitoa siku hiyo.

Kiti sasa. Hiyo pauni 300 kwa kitu kimoja haikufai, umeona sawa. Ukipigia kampuni za ile orodha waulize moja kwa moja kama wanafidia vifaa vya kutembelea, kwa kiasi gani, na kama wanalipia kukodi kiti kingine wakati chako kinatengenezwa, zipo zinazofanya hivyo. Angalia na bima yenu ya nyumba, wengine wanakubali kukiandika kiti kama kitu cha thamani kinachotoka nje ya nyumba hata nje ya nchi.

Shirika la ndege nalo lina deni lake. Kwa mkataba wa Montreal wa 1999 wilchea inahesabiwa kama mzigo na fidia ina kikomo, tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ni kipimo cha fedha cha kimataifa cha IMF, hiyo ni kama pauni elfu moja na mia tano hivi, chini ya nusu ya kiti chako. Lakini mkataba huohuo una kipengele ambacho mashirika hayakitangazi, wakati wa kukabidhi mzigo unaweza kutoa tamko maalum la thamani yake, ukalipa ada kama wanadai, na kikomo kikapanda mpaka thamani uliyotamka. Wapigie kabla ya siku ya safari uwaulize wanalifanyaje tamko hilo na karatasi yake uishike mkononi. Siku ya safari piga kiti picha pande zote pale mlangoni mwa ndege kabla hawajakichukua, mto wa kukalia ingia nao ndani. Kikifika kimeumia usitoke uwanjani bila ripoti ya maandishi, halafu waandikie barua rasmi ndani ya siku 7, zikipita hizo umepoteza. Na taarifa kwamba unahitaji kusaidiwa uwanjani wape si chini ya saa 48 kabla, kiti kwenda nacho ni bure. Kama ni cha NHS na sio chenu, waulize kabla ya kukitoa nchini.

Kama mna mpango wa kuvuka kwenda Unguja kusalimia ndugu, jueni tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipa bima ya dola 44 ya shirika lao la bima, na kama mmeshachukua pasi ya Uingereza mnahesabiwa wageni, uraia pacha hatuna. Ni bei moja kwa mtu mzima, hawaulizi kiti wala katheta. Hiyo ni ya siku mlizoko Zanzibar tu.

Nawagusa kidogo na wasomaji walioko Dar, Mombasa na Nairobi wanaoomba viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Ubalozi unataka bima ya angalau yuro 30,000, ikihusisha matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, kwa siku zote na nchi zote za eneo hilo. Ajenti atakuuzia ya bei nafuu na viza itatoka. Lakini soma mle ndani, nyingi hazilipi ugonjwa uliokuwa nao kabla ya safari, kwa hiyo mwenye ulemavu anaweza kuwa na karatasi iliyompendeza ubalozi na isiyomsaidia Paris. Muulize ajenti kabla ya kulipa, akujibu kwa imeili sio kwa mdomo.

Mwanangu, kuna la mama pia, ulisema keshakuwa mtu mzima sana. Kama anaumwa na mkalazimika kuahirisha safari au kuongeza siku kwa sababu yake, bima nyingi hazilipi pale ugonjwa wa ndugu ulikuwa unajulikana siku mnakata bima. Waulize na hilo kwenye simu hiyohiyo, na tiketi chukueni zile zinazokubali kubadilishwa tarehe hata kama zinazidi kidogo. Bima ya safari moja ikateni mapema, mkishalipa tiketi tu, ili kama kitu kitawazuia kuondoka kiwe kimeshalindwa.

Anza na rekodi za GP wiki hii, simu ufanye wiki ijayo. Ile kampuni iliyokukataa ikikujibu nitumie walichoandika, ukifuta jina lako na anwani, tutakisoma hapa na wengine waone wanavyojibiwa.

Anti